Daftari la maziwa la mwaka 2024

Leo tunakuandikieni kutoka mbali na bahari, Uyole, Mbeya, mvua ya Disemba inapiga bati na kila mtu humu ndani amejifunika kitu. Mwaka unakwisha, na kila unapokwisha huwa tunakaa, sisi wanawake wa nyumba hii, tunafungua daftari la maziwa na kulisoma kuanzia ukurasa wa mwanzo. Tuko watatu: mama mkwe, Msafwa wa hapa hapa aliyeanza kukamua akiwa bado mtoto mdogo, wifi, na mtoto wenu wa Makunduchi anayeshika kalamu. Wanaume wapo, watoto wapo, na mtawaona humu, lakini daftari ni letu.

Kwa asiyepajua Uyole: ukitoka Dar es Salaam kwa basi, ukapita Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako, ndiyo njia panda unayoikuta kabla hujaingia Mbeya mjini. Kushoto ni Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hapa hakuna vuli na masika kama kwetu. Mvua ni moja, inaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kisha kiangazi, na Juni na Julai ni baridi ambayo mtu wa Unguja haiamini mpaka imkute na kanga moja. Lakini baridi hiyo ndiyo inayowapenda ng'ombe wa maziwa, Friesian na Ayrshire na machotara wao. Tena tangu miaka ya 1970 kuna kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo hapa Uyole, kilichoanza kwa msaada wa nchi za Nordiki, na watu wamejifunza kupanda majani ya ng'ombe kama wanavyopanda mahindi. Utamkuta mama ana kiwanja kidogo tu, pembeni matete na majani ya Guatemala, nyuma banda la ng'ombe wawili ambao hawatoki nje. Wanaletewa kila kitu kama maharusi wa siku saba.

Sisi mwaka tuliuanza na watatu wa kukamuliwa na mitamba miwili. Majina msicheke: Sukari, Hiliki na Karafuu. Mnajua nani aliyewapa.

Karafuu ndiye aliyekuwa nguzo. Alikuwa mjamzito kwa mbegu ya kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, na Februari akazaa jike. Nyumba yenye ng'ombe wa maziwa ikizaliwa jike ni vigelegele, akizaliwa dume watu husema "Mungu atujaalie mwakani". Ukurasa wa Februari una mwandiko wa furaha: asubuhi lita 10, jioni lita 7, asubuhi 11, jioni 7. Tulikuwa na deni la kikundi chetu cha kukopeshana, milioni moja na laki nane, tuliyojengea banda jipya lenye sakafu ya zege na paa la maana. Marejesho ni laki moja kila mwezi, na maziwa ya Karafuu ndiyo yaliyokuwa yakirejesha. Ya Sukari na Hiliki yalikuwa ya unga, skuli na pumba.

Machi tuliingia Ramadhani. Tulikuwa tunakula daku, tunaswali, kisha tunatoka na ndoo gizani, na mikono inapashwa moto na kiwele chenyewe. Mwezi huo maziwa hayalali. Wateja wanakuja na madumu kabla ya Alasiri, wa kupikia uji, wa tambi, wa chai ya futari. Futari yetu, kama hamjui, ni viazi mviringo vya Uyole kwa tui la nazi lililosafiri zaidi ya kilomita 800 kutufikia. Mama mkwe alikuwa haliamini tui. Sasa analidai.

Machi hiyo hiyo ndipo tulipofanya kosa. Mnadani alikuwepo mtamba kutoka chini bondeni, mwenye mimba changa, bei yake karibu nusu ya bei za huku. Tulikaa, tukapiga hesabu, tukamnunua. Hatukumlazimisha mtu na hatukulazimishwa. Tulikubaliana wote, na mtoto wetu wa pili akampa jina Nafuu. Mnyama mgeni hutengwa kwanza, huogeshwa dawa ya kupe na kuangaliwa kwa wiki kadhaa. Sisi tulimwogesha mara moja, tukamfunga na wenzake, kwa kuwa banda lilikuwa jipya na zuri na tuliona uchungu kumjengea kibanda cha peke yake.

Halafu ikaja Aprili, na ile mvua mliisikia nyote. Siku chache baada ya Idi, kipande cha mlima Kawetere kiliporomoka kata ya Itezi, jirani yetu hapa, tope likafunika nyumba za watu na majengo ya skuli. Wageni sita walilala kwetu kwa wiki tatu, ndugu wa upande wa baba wa watoto. Tulilala watoto wanne kitanda kimoja, tukapika sufuria ya harusi kila siku, na maziwa ya jioni hatukuuza, yalinywewa. Katika daftari mstari wa jioni umeandikwa "nyumbani, nyumbani, nyumbani". Tunausoma leo na kuona ni mstari mzuri kuliko yote ya mwaka huu. Wakati ule tulikuwa tunauona kama hasara na tunaona haya kusema.

Kwa mvua ile hatukuogesha. Dawa ya kupe ukiipulizia na mnyama ameloa inakwenda na maji, na pampu ya mgongoni ni nzito, na wageni wapo, na tope limefika magotini. Wiki moja ikawa mbili, ikawa nne.

Tarehe 17 Mei Karafuu aliacha kucheua. Mtu asiyefuga hataelewa jambo hilo lilivyo na kishindo. Banda zima lina sauti ya kutafuna, usiku mzima, na ukiingia ukakuta mmoja ametulia mdomo, unajua. Masikio yalikuwa ya moto. Asubuhi yake maziwa yakawa lita 3. Chini ya sikio kulikuwa na tezi imevimba kama yai la kuku. Tukasema ni mafua, ni baridi inaanza. Baba wa watoto alikuwa Kyela kufuata mchele, na bila yeye tukaona tungoje. Siku ya nne tukamwita daktari wa mifugo. Alishika lile tezi, akainua mkia, akatazama kupe waliokaa ndani ya sikio, akatuuliza kama kuna mnyama aliyeingia karibuni. Hatukumjibu haraka.

Ilikuwa ndigana kali. Alitueleza huku anapima dawa: kupe wa sikio, yule wa kahawia, anaubeba ugonjwa huo. Akishashiba kwa ng'ombe mmoja hudondoka, hujibadilisha sakafuni, kisha hupanda kwa mwengine. Ng'ombe aliyekulia bondeni kwenye kupe wengi, kama alipona ndigana utotoni, huishi na vimelea mwilini bila kuumwa. Ng'ombe wa huku juu, asiyekulia kwenye kupe, hana kinga. Akipata anaanguka, mkubwa kwa mdogo. Dawa ipo na inaponya, lakini inataka kuwahi. Siku nne si kuwahi.

Alikufa usiku wa siku ya sita, povu jeupe puani, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Mama mkwe alikuwa amekaa naye kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Asubuhi, hatujui nani aliyempelekea habari, alikuja mtu na gari dogo. Akasema atamchukua kama alivyo, laki nne taslimu, "kwa kulisha mbwa". Wapenzi, mnajua na sisi tunajua kwamba nyama ile isingeishia kwa mbwa. Kwetu ni mzoga, si halali kuula wala kuuza, na juu ya hilo alikuwa na sindano mwilini. Lakini tuseme kweli maana hili ni daftari: kwa muda wa kama dakika kumi tuliitaka ile laki nne. Deni lilikuwa bado laki kumi na tatu. Baba wa watoto, ambaye alikuwa amerudi usiku ule, alisimama mlangoni anatazama chini. Wifi alinyamaza, na kunyamaza kwa wifi si dalili ya kukubali. Hakuna aliyesema "tukatae". Mama mkwe aliingia stoo, akatoka na jembe na sepetu, akampa mjukuu wake mkubwa, akasema, "Chimbeni kule kwenye matete, refu." Yule mtu akawasha gari lake. Kuchimba shimo la ng'ombe ni kazi ya saa tano kwa wanaume wanne.

Siku zile alikuja mtu mmoja, mwenye nia njema, akatuambia, "Shukuruni, ni ng'ombe tu, si mwanaadamu." Tulimkaribisha chai. Tulisema Alhamdulillah kwa ulimi, na moyo ulikuwa bado uko shimoni. Hatuoni kwamba Mola anamtaka mtu ashukuru kwa uzembe wake mwenyewe. Karafuu alikufa kwa kuwa tulipenda bei rahisi na tukavivia pampu. Kwa hilo tunaomba msamaha, na tunajifunza. Ya kushukuru yalikuja kwa mlango mwengine.

Yalikuja kwa wanawake. Huku mtu akifiwa na ng'ombe wa maziwa huletewa pole, jambo ambalo mtoto wa Makunduchi hakulijua. Aliona kina mama wanaingia uani na vitenge viunoni akadhani kuna msiba wa mtu. Mmoja alikuja na kisado cha viazi, mwengine mahindi, mwengine mzigo wa majani kichwani. Jirani yetu, muumini wa Moravian, ambaye tulikuwa tumenuniana naye tangu mwaka juzi kwa sababu ya mfereji wa maji, alikuja jioni na mashudu ya alizeti nusu kiroba. "Ya yule ndama," akasema, "asidumae." Akakaa mpaka Magharibi. Mfereji haukutajwa, na mpaka leo hatujautaja. Kikundi nacho kilikaa Jumamosi, wenzetu wakatusogezea marejesho ya miezi miwili bila faini. Wenye hela ndogo kama zetu. Mmoja wao alikuwa na mwanawe hospitali mwezi huo.

Daftari la Juni ni fupi. Baridi, mikono imepasuka, lita zimeshuka. Ndama mmoja, dume, alikufa kwa nimonia kabla hajafika wiki mbili. Tuliweka maranda ya mbao mazito zaidi sakafuni na turubai upande wa upepo, na hatukupoteza mwengine. Idi kubwa tulichinja mbuzi, tukamla, tukacheka. Wanyama wote waliobaki tukawachanja chanjo ya ndigana, wakavishwa hereni masikioni, na watoto wakasema wanakwenda harusini.

Na Nafuu? Nafuu hakuumwa hata siku moja. Anakula, anateka hori la mwenzake, anapiga teke. Kulikuwa na wiki ambazo hatukuweza kumtazama. Mara mbili tulipanga kumrudisha mnadani, na mara zote mbili mama mkwe alituuliza tunamuuza kwa kosa gani. Tulikosa la kusema. Alibaki.

Agosti, usiku, Sukari alizaa. Jike. Tukapiga vigelegele kwa sauti ya chini, jirani wasiamke, ndama akanyonya dang'a, tukaingia kulala. Saa nane za usiku kifungua mimba wetu, aliyejitwisha zamu ya kuangalia banda tangu Mei bila kuambiwa na mtu, akagonga dirisha. Sukari amelala, kichwa amekigeuza ubavuni, masikio baridi kama bilauri ya maji. Safari hii hatukungoja asubuhi wala hatukumngoja mwanamme. Wifi alipiga simu huku anavaa viatu, na daktari akaja kwa bodaboda na mkoba wake mgongoni.

Homa ya maziwa, akasema. Jina linadanganya, kwani haina joto. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi akizaa, chokaa nyingi ya damu inakimbilia kwenye kiwele kwa ghafla, na misuli inakosa nguvu. Dawa ni maji ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo, polepole, maana ukiyaharakisha moyo unasimama. Tulishika tochi. Mama mkwe alishika chupa juu, mkono ukachoka, akabadilishana na mjukuu wake. Chupa ilipokaribia kwisha, Sukari alitetemeka ngozi nzima kama mtu aliyemwagiwa maji. Akacheua mara moja kwa sauti. Akakojoa. Halafu akainua nyuma, akapiga magoti mbele, akasimama. Dakika ishirini zilizopita tulikuwa tunamhesabu kwa waliokufa. Tukaangua kilio sote wanne, na daktari naye akawa anafuta miwani. Tulimlipa nusu, nusu tukamlipa mwisho wa mwezi, hakusema neno.

Mstari wa siku ile unasema tu: "Sukari jike. Saa 8 usiku. Alhamdulillah." Ile ilitoka moyoni.

Oktoba tulipata ugeni mkubwa. Mama alikuja kutoka Unguja. Boti mpaka Dar, akalala kwa dada yake, kisha basi la alfajiri, na njia nzima ya Mikumi alikuwa kwenye simu anatuhesabia tembo na swala aliowaona dirishani. Aliposhuka Uyole alikuwa amevaa buibui, juu yake koti la mkwewe, juu yake kanga mbili, na bado anauliza mlango uliofunguliwa ni upi. Mikononi ana mfuko wa viungo na kitu kimezungushwa gazeti mara sita: mkate wa kumimina, umekandamizwa kidogo, mtamu vile vile.

Mama zetu wawili hawakuwahi kukaa pamoja zaidi ya siku mbili za harusi. Tulikuwa na wasiwasi, maana kila mmoja ana yake. Siku ya tatu tukawakuta jikoni wanatengeneza samli. Mama mkwe ametikisa maziwa ya mgando kwenye kibuyu mpaka siagi imepanda, mama ameweka sufuria motoni, wanabishana. Mmoja anasema iepuliwe sasa, mwengine anasema bado, ngoja povu litulie na chini iwe kahawia. Mama wa Unguja akatia mbegu tatu za hiliki. Mama mkwe akasema zinaharibu. Wakaepua, wakaonja kwa kidole, na mama mkwe hakusema kitu ila alirudisha kidole mara ya pili. Chupa mbili zilisafiri kurudi Unguja, nyingine imebaki kabatini na hakuna ruhusa ya kuigusa mpaka Ramadhani.

Siku ya kuondoka, mama alikwenda kwenye matete, pale yalipoota marefu na ya kijani kuliko kwengine kote. Akauliza ndipo hapo? Tukamwambia ndipo hapo. Akasimama kidogo, akasema majani hayo anakula nani. Tukamwambia anakula binti yake.

Novemba kifungua mimba wetu alifanya mtihani wa kidato cha nne, na mwezi huo huo Nafuu akazaa. Jike, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Maziwa ya mama yake si mengi, lita 6 kwa siku nzima akiwa na moyo mkunjufu, na mara moja kwa wiki anaipiga ndoo teke na sote tunamwambia maneno ambayo hayaandikwi hapa. Lakini alizaa wakati Hiliki amekaushwa kusubiri kuzaa, na wiki nne nzima maziwa ya unga na chumvi yalikuwa yake. Watoto wamempa ndama jina la Idi. Tumewaambia Idi ni jina la mwanamme. Wamekataa.

Deni limebaki laki nane. Binti wa Karafuu ana miezi kumi sasa, kifua kimejaa, na mama mkwe anasema atakuwa mrefu kuliko mama yake. Kibanda cha kutengea wageni tumekijenga Septemba kwa mabati ya zamani, kibaya, kinavuja upande mmoja. Kina mnyama mmoja ndani, mbuzi wa jirani wa Moravian aliyenunuliwa juzi, kwa sababu yeye hana kibanda na tulimwambia amlete.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari tumeandika majina ya nyumba kumi na moja. Kesho ni Ijumaa. Kila nyumba itapata lita moja ya maziwa ya asubuhi bila malipo, kuanzia kwa daktari, kisha wenzetu wa kikundi, kisha wale wageni wetu wa Aprili ambao wamepanga vyumba viwili upande wa pili wa barabara. Tumepiga hesabu na hayatoshi, yamepungua lita mbili. Wifi anasema tumkamue Nafuu saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili, akiwa bado na usingizi hana nguvu ya kupiga teke. Tutajaribu. Ndoo mbili zimeshaoshwa, zimefudikizwa mlangoni.